Watoto wa ng'ombe kumi na wawili: jibu kwa mama wa Igogo

Mama mmoja wa hapa Mwanza ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha bila kugusa maneno yake:

"Shikamoo wakili. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na wa kike ana miaka 5. Naishi Igogo kwa dada yangu, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Niliolewa kimila, mume wangu alitoa ng'ombe kumi na wawili. Yeye ni mvuvi wa dagaa, anazunguka visiwani. Tulipogombana mwaka jana nikaondoka na watoto. Desemba shule zilipofungwa akaja kuwachukua, akasema wanaenda Sengerema kumsalimia bibi yao. Huu ni mwezi wa nne, hawajarudi. Baraza la kata walituandikia karatasi kwamba ndoa imekwisha na watoto waende kwa baba. Juzi kanipigia simu, anasema nichukue wa kike tu, wa kiume abaki, maana watoto ni wa ng'ombe zake. Nina haki gani? Kaka zangu wanasema twende Sengerema tukawachukue usiku."

Marahaba, mayu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaanza na sentensi yako ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyonitisha. Msiende Sengerema usiku.

Sisemi hivyo kwa kuwa mume wako ana haki kukuzidi. Mpaka leo hakuna mahakama iliyotoa amri yoyote juu ya watoto hawa, kwa hiyo wewe na yeye mko sawa, nyote ni wazazi. Kuwachukua kwa kisingizio cha kusalimia hakukumpa chochote mbele ya sheria. Lakini kaka zako wakiingia gizani kwenye mji wa watu, mbwa wakabweka, bibi akapiga yowe, unajua yowe la usiku Usukumani lina maana gani. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, hawataanza kwa kuuliza nani ni mama wa nani. Na hata mkifanikiwa kuvuka nao salama, shauri lako litaanzia usiku huo. Leo swali ni kwa nini baba hakuwarudisha watoto shule ilipofunguliwa. Kesho yake swali litakuwa kwa nini mama alikuja na vijana kuvamia nyumba ya bibi kizee. Umeshika upande wenye nguvu, usiuachie.

Sasa hiyo karatasi ya baraza. Ndoa katika Tanzania Bara haivunjwi na baraza la kata, wala na wazee wa ukoo, wala na mume kwa kinywa chake. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, anayevunja ndoa ni mahakama peke yake, na hilo linahusu ndoa ya kanisani, ya Kiislamu, ya bomani na ya kimila kama yako. Baraza lina kazi moja kubwa, kusuluhisha. Likishindwa, linaandika hati kwamba limeshindwa, ile ambayo watu mahakamani wanaiita Fomu Namba Tatu. Ukienda nayo mahakamani kudai talaka isiwe imepitisha miezi 6 tangu itolewe. Kwa hiyo soma tena karatasi yako, au mtafute mtu akusomee taratibu. Kama inasema "tumeshindwa kuwasuluhisha" na ina tarehe na muhuri, itunze, utaihitaji. Kama inasema tu kwamba ndoa imekwisha na watoto waende kwa baba, basi wajumbe wamejipa kazi isiyo yao. Rudi ukawaombe hati iliyo sahihi. Usigombane nao. Mara nyingi hawakukusudia ubaya, waliandika walivyozoea kuandika.

Na jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi: suala la watoto halilazimiki kungoja talaka. Mahakama inaweza kuombwa kuamua nani akae na watoto wakati wowote, hata kama wewe na mumeo bado ni mke na mume kwenye sheria, na hata kama hujaamua kama unataka talaka au la. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi kupeleka ombi hilo moja kwa moja kwenye Mahakama ya Watoto. Usikubali mtu akwambie "kamalize kwanza talaka". Talaka inaweza kuchukua muda mrefu, na miezi miwili ya mtoto wa miaka 5 ni kitu kikubwa.

Nije kwenye ng'ombe, maana naona ndipo roho yako ilipouma.

Mume wako hakutunga maneno yale. Kwa mila ya Kisukuma ya zamani, ng'ombe walikuwa na maana hiyo hasa. Mwanamume aliyeoa, akatoa ng'ombe, watoto walihesabiwa upande wake. Pasipotolewa ng'ombe, watoto walikuwa wa kwa mjomba. Hata serikali ilipoandika mila za makabila kwenye Tamko la Sheria za Mila mwaka 1963, ilifuata njia hiyo, kwamba watoto wa ndoa ni wa baba. Mzee anayekwambia hivyo leo hadanganyi kuhusu jana. Ila Sheria ya Ndoa ilipokuja, mila ikawekwa mahali pake. Kifungu cha 125 kinamwambia hakimu atangulize ustawi wa mtoto, juu ya kila kitu. Chini ya hapo ndipo anapoangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kusema la moyoni, na mila za jamii yao. Mila zimo, sheria haikuzitupa, lakini zinakaa chini ya ustawi wa mtoto. Mila ikigongana na ustawi wa mtoto, mila ndiyo inayopisha njia.

Kwa hiyo ukifika mahakamani usiende kubishana kama ng'ombe walikuwa kumi na wawili au tisa. Nimeona mashauri yakipotea hapo, siku nzima inakwisha kwa kuhesabu mitamba na madume, na jina la mtoto halijatajwa hata mara moja. Kama familia yake inadai ng'ombe warudi, hilo ni dai lao na lina njia yake. Watoto hawashikiliwi kama rehani mpaka zizi lijae. Na kama mahari haikuisha, ndoa yenu haikuwa batili kwa sababu hiyo, sheria imesema hivyo waziwazi.

Umri wa binti yako una uzito wa pekee. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 sheria inaanza kwa kuamini kwamba ni heri kwake akae na mama. Narudia: inaanza. Mume wako anaweza kuleta ushahidi wa kuipindua imani hiyo. Anaweza kusema mama analewa, mama anawapiga, mama hana mahali pa kulala. Na kuna jambo moja sheria inalitaja papo hapo ambalo linaweza kukugeuka: hakimu aangalie pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Hapo ndipo miezi inapokuwa adui yako. Desemba ungesema "wametolewa kwangu jana". Leo ni mwezi wa nne. Ukifika mwakani, upande wa pili utasema binti amezoea, ana rafiki, anamwita bibi "mama", kwa nini tumtikise tena? Na hakimu mwema kabisa anaweza kukubaliana nao. Katika barua yako yote hakuna kinachonipa haraka kama hiki.

Kijana wa miaka 9 amevuka ule umri, kwa hiyo kwake hakuna pa kuanzia palipo upande wako wala wa baba. Hakimu anaweza kumsikiliza, mara nyingi si mbele ya watu, anamwita ofisini wanazungumza. Nakuomba, usimfundishe cha kusema. Watoto waliofundishwa huongea kama wanaosoma shairi, na mahakimu wana watoto nyumbani, wanatambua. Mtoto akiulizwa na kujibu kwamba anampenda bibi na anamkumbuka mama, mwache aseme yote mawili.

Sasa lile la "chukua wa kike, mimi nibaki na wa kiume". Usilikubali kwa simu, na usilikubali kwa uchovu. Sheria ya Ndoa inamruhusu hakimu kuangalia kila mtoto peke yake, kwa hiyo kuwatenganisha kunawezekana. Lakini Sheria ya Mtoto inataja kwamba inafaa ndugu wakae pamoja, pamoja na kuendelea kwa malezi yale yale mtoto aliyoyazoea. Wewe unawajua. Ni nani anayemvusha yule mdogo barabara? Wakilala, anamshika nani? Mambo kama hayo yaseme mahakamani kama yalivyo, bila mapambo. Kaka wa miaka 9 ambaye amekuwa akimwosha dadake miguu jioni ni sehemu ya ustawi wa dadake. Mtu anayewagawa kwa jinsia, wa kiume wa ukoo, wa kike wa mama, amegawa mali, hajafikiria watoto.

Kuna swali ambalo nina hakika hakimu ataliuliza: watoto wanaishi na nani hasa? Umesema baba yao anazunguka visiwani. Basi waliko sasa hawako na baba, wako na bibi. Sheria inampa mtoto kwa baba au kwa mama. Kumpa ndugu mwingine ni pale tu panapokuwa na sababu za pekee zinazofanya wazazi wote wawili wasifae. Hili lina nguvu sana kwako, lakini litumie kwa heshima. Usimseme bibi yule vibaya. Kwetu bibi kulea wajukuu si ajabu wala si aibu, na hakimu mwenyewe huenda alilelewa na wake. Sema tu ukweli: mama mkwe wangu anawapenda, ila mama yao ni mzima, yupo, anawataka.

Nao watakusema kuhusu Mwaloni. "Anatoka alfajiri, watoto anawaacha na nani?" Jiandae. Dada yako aje aseme kwamba anabaki nao, anawaamsha, anawapeleka shule. Jirani aje. Mwalimu wa darasa wa kijana ana daftari la mahudhurio, na humo itaonekana alikuwa akihudhuria mpaka Desemba na tangu Januari hayupo. Uliza pia kama kuna uhamisho ulioombwa na nani aliusaini. Kama kijana hajaandikishwa Sengerema na amekaa miezi mitatu akichunga tu, hiyo peke yake inazungumza kuliko wakili yeyote.

Usiogope kwamba kipato chako ni kidogo. Nimekutana na akina mama wengi wa mwaloni waliojikatia tamaa wenyewe: "Yeye ana mtumbwi, mimi nina beseni, watanipa mtoto?" Sheria ya Ndoa imeweka jukumu la kutunza watoto kwa baba, wawe wanakaa naye au wanakaa na mtu mwingine. Wakikaa kwako, wajibu wake unawafuata kwako. Wewe nawe una sehemu yako, hasa yeye akishindwa au asipokuwepo. Kiasi cha matunzo hakimu anakipanga akiangalia kipato cha nyote wawili, watoto wengine mnaowategemeza, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Igogo chumba ni cha kulipia, Sengerema wako kwenye mji wa bibi, hilo liseme. Ada ya shule ya msingi ya serikali haipo, lakini sare, viatu, daftari, chakula na matibabu vipo. Andika kwenye karatasi unachotumia wiki moja kwa watoto wawili, kwa bei za Mwaloni na za dukani kwenu, usikadirie.

Na kwa kuwa yeye ni mvuvi wa dagaa, nakushauri jambo ambalo wanasheria wa mjini huwa hawalifikirii. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanarudi nyumbani kukausha nyavu na kugawana. Pesa yake haiji tarehe 30 kama ya mwalimu. Amri ikisema alipe kila mwisho wa mwezi, kuna miezi tarehe hiyo itamkuta hana kitu, nawe utamwita mkorofi kumbe ni mwezi wa angani. Omba kiasi kipangwe kwa wastani, na alipe baada ya mgao wa kila giza, kwa simu, ili ibaki kumbukumbu ya kila muamala. Amri inayofuata maisha ya mtu hutekelezeka. Asipolipa hata hivyo, unarudi mahakama ile ile kuomba kukazia amri, na ajue kwamba kumtelekeza mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto, lenye faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sikushauri uanze na jela. Baba aliyefungwa havui. Lakini alijue.

Mbalamwezi hiyo hiyo itakusaidia kumpata. Mashauri mengi ya wavuvi hukwama kwenye samansi, ile hati ya kuitwa mahakamani, maana leo yuko Ukerewe, wiki ijayo amehamia kambi nyingine. Samansi ipelekwe siku wamerudi. Muulize tajiri wake, kama anamvulia mtu, na kwenye mwalo anaovulia uliza viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za uvuvi, wao ndio wenye orodha ya wavuvi wao.

Basi Jumatatu, kabla hujaenda Mwaloni, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Jiji. Huduma yake hulipii. Mweleze kama ulivyoniandikia mimi, umwombe amwite mume wako. Yapo mashauri yanayoishia kwenye meza hiyo, watoto wanarudi, makubaliano yanaandikwa na wote wanasaini. Kama mume wako atakuja na mkaelewana, shukuru, na hakikisha imeandikwa nani anakaa nao, nani anatoa nini, na lini anawaona. Asipokuja wito wa kwanza na wa pili, usizungushwe miezi mingine mitatu, omba faili lako liende mahakamani. Hata huko afisa ustawi ataandika taarifa baada ya kuona mnakoishi, na mahakimu wanaisikiliza sana. Akija nyumbani kwa dada yako asikute mmepanga maigizo. Akute kitanda cha watoto, chandarua, na mahali pa kufanyia kazi za shule.

Mahakamani omba pia amri ya muda, watoto wakae kwako wakati shauri linaendelea ili waendelee na shule. Muulize karani mapema kama ombi lifunguliwe upande wa Mwanza au wa Sengerema, kwa kuwa watoto wako kule kwa sasa. Kwa wakili, kama huna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure, na hapa Mwanza shirika la Kivulini limefanya kazi na wanawake kwa miaka mingi. Na ukipata habari kwamba watoto wanapigwa au wananyimwa chakula, usingoje Jumatatu yoyote: piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu.

Beba vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya binti, ripoti za shule za kijana, ile karatasi ya baraza, na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Jumbe za simu usifute, hasa zile za Desemba aliposema wanaenda kusalimia. Kama kuna mtumbwi, nyavu na taa mlizonunua pamoja, hilo ni suala la talaka na mgawanyo wa mali, lipo na lina haki yake, lakini leo tusilichanganye na watoto.

Kitu kimoja zaidi, na najua hutakipenda. Peleka mahakamani pendekezo lako la namna baba yao atakavyowaona. Likizo ya Juni nusu kwake, Desemba tugawane, wiki za mbalamwezi akiwa mjini aje Jumapili awachukue awarudishe jioni. Mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wake mwingine ili mradi masomo hayaharibiki, na haki hiyo ni ya mtoto, haiko mikononi mwako kuigawa wala mikononi mwake. Mama anayesimama na kusema "hatawaona tena" anamtia hakimu wasiwasi. Hujaniandikia kwamba mume wako ni mkatili kwa watoto. Kama ni mkatili, niambie, nitajibu tofauti kabisa, maana hapo tutaomba awaone mbele ya mtu mzima mwingine au asiwaone kwa muda. Kama si mkatili, wanamhitaji, na bibi wa Sengerema wanamhitaji pia.

Leo jioni, kabla ya haya yote, mpigie mama mkwe wako. Msalimie vizuri. Usitaje kesi, baraza wala ng'ombe. Mwombe azungumze nawe yule mdogo kwanza, halafu kaka yake, na umuulize kijana amefika wapi kwenye daftari la hesabu.